Mfungo wa Honi

Gereji nzima ilimwita Honi, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Kwa injini hakuwa na mpinzani, lakini akipandwa na mori, hata wateja wa duka la jirani walimwaga chai. Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Mkewe alishazoea kunyamaza. Binti yao wa pekee, msichana wa sekondari, akisikia tu geti linafunguliwa, hujifungia chumbani na vitabu vyake.

Kila Kwaresima Honi alifunga kwelikweli. Hagusi nyama, haonji bia, Ijumaa hakosi Njia ya Msalaba. Shida ni kwamba njaa ilimzidishia ukali.

Mwaka huo, jioni ya Jumatano ya Majivu, alikaa mezani majivu yakiwa bado kwenye paji la uso, akaanza kumfokea mkewe eti chumvi imezidi kwenye maharage. Mkewe akaweka upawa chini.

"Mume wangu, mwaka huu nyama kula."

"Unasemaje?"

"Kula nyama. Bia yako kunywa. Funga kufoka. Wenzio tunaiombea Kwaresima iishe haraka, na si kwa hamu ya Pasaka. Ni kwa sababu yako."

Honi alifungua kinywa amjibu. Hapo akamwona binti yake ameinamia sahani, mabega yamepanda hadi masikioni, kama mtu anayesubiri kofi. Naye hakuwahi kumpiga hata siku moja. Akaivuta sahani, akayala maharage yale yale.

Kesho yake alimfuata paroko akamweleza yote. Padri hakucheka. "Huo ndio mfungo wenyewe," alisema. "Nyama unalinyima tumbo. Huu utakinyima kiburi chako chakula. Na ukianguka, inuka uendelee."

Basi Honi akapiga moyo konde. Haikuchukua muda, mwenzake wa gereji, fundi waliyemwita Polepole, akasahau kukaza nati ya chini ya injini, akamimina oili mpya, yote ikamwagika sakafuni. Kazi zikasimama. Watu wakasubiri radi. Mishipa ya shingo ilimtoka Honi. Akafumba macho, akasali Baba Yetu kimoyomoyo mpaka mwisho, kisha akachota maranda kwenye ndoo akayamwaga juu ya oili.

"Lete fagio," alisema. "Tusafishe."

Polepole akamkodolea macho. "Kaka, unaumwa?"

Gereji ikaangua kicheko, na Honi mwenyewe akacheka nao.

Lakini katikati ya Kwaresima alianguka. Binti yake aliiangusha simu ya baba, kioo kikapasuka, naye Honi akafoka mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Binti akakimbilia chumbani. Honi akabaki sebuleni, aibu imemjaa. Alitaka kukata tamaa, ila neno la paroko likamjia. Akaenda mpaka mlangoni akabisha hodi, yeye ambaye ndani ya nyumba yake hakuwahi kubisha mlango wowote.

"Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe. Kile ni kioo tu."

Mlango ukafunguka.

"Baba, nikwambie kitu? Wameniomba nisome somo Misa ya Pasaka. Nimekataa."

"Kwa nini?"

"Nikikosea neno, halafu wewe umekaa pale..."

Hakumalizia, na hakukuwa na haja. Honi akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Nisomee," alisema kwa sauti ya chini.

Binti akasoma. Akajikwaa, akamtazama baba yake kwa hofu.

"Endelea, mama."

Tangu hapo walisoma kila jioni. Mara nyingine baba ndiye aliyesoma, na binti akamsahihisha huku akicheka mpaka mama akaja kuchungulia kulikoni. Honi hakujua kuwa mtoto wake ana kicheko kizuri namna ile.

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilifurika. Binti akapanda mimbarini. Sauti yake ilianza chini, ikapanda, ikafika hadi kwa waliosimama mlangoni. Katika somo lile Petro alikuwa akitangaza kwamba yule waliyemtundika mtini amefufuka. Katikati binti akajikwaa, akasita. Akamtafuta baba yake kwa macho, akamkuta anatabasamu, anaitikia kwa kichwa kumpa moyo. Akalirudia neno lile, safari hii sawasawa, akaendelea kwa moto kama yeye mwenyewe ndiye aliyeliona kaburi tupu. Alipomaliza kwaya ikalipuka, ngoma na vigelegele, na machozi yakamtiririka Honi bila yeye kuyafuta.

Nje, Polepole alimpa mkono. "Kaka, mfungo umekwisha. Tukija kazini tuje na pamba masikioni?"

"Wengine wafungue," Honi alijibu. "Mimi huu sifungui."

Binti akamshika mkono, wakashika njia ya nyumbani, mama yupo ubavuni na kitenge chake kipya. Njia nzima msichana aliongea: habari za mwalimu wa kemia, za shoga yake aliyehama, za viatu vinavyombana. Honi aliuliza hili, akauliza lile, na walipofika getini bado alikuwa anataka kusikia zaidi.