Chakula cha Rael

Machuki alianza kumshuku mkaza mwanawe mvua za mwaka tisini na nne zilipoanza. Kila alichopika Rael kilikuwa na ladha ya jivu: ugali wa wimbi, omena, hata maziwa mala. Mzee akakonda, usingizi ukampotea, na shamba lake pale Ntimaru likamezwa na magugu.

"Ananiua polepole," alijiambia. "Anataka mumewe arithi ardhi mapema."

Akawa anamtupia mbwa chakula chake, kisha anachungulia dirishani. Mbwa alinenepa tu. Hilo nalo likamtia shaka. Kumbe sumu yenyewe ilijua imetumwa kwa nani!

Mwanawe, Werema, alipochoka alikwenda Magunga kumleta Bhoke, dada mkubwa wa mzee. Machuki akampokea kwa jicho la pembeni. Ameitwa na nani, na ameahidiwa nini?

Bhoke alichinja kuku, akapika mwenyewe. Machuki akaonja tonge moja, akalitema.

"Na wewe pia, dada?"

"Jivu?" Bhoke aliuliza.

"Umejuaje?"

"Kabla hujaoa, ulikataa uji wa mama msimu mzima, ukidai una ladha ya jivu. Ulilala umegeukia ukuta, ukisema ana hila. Ukapona. Miaka ikapita, ukamfukuza marehemu mkeo kwa maneno haya haya. Ukapona, akarudi. Leo ni Rael. Sote tumekula njama, Machuki?"

Alitaka kujibu ndiyo. Lakini mama! Mama angemtilia nini kwenye uji? Machozi yakamtoka, asijue anamlilia nani.

Walimpeleka hospitali mjini Migori. Daktari alimsikiliza sana, kisha akasema huo ni ugonjwa wa huzuni, umekuwa ukimjia na kumwacha tangu ujana, na una dawa. Machuki aligeuzageuza vidonge kiganjani.

"Rael amepita hapa?"

"Hapana, mzee."

Akavimeza. Wiki nyingi zilipita bila mabadiliko, naye akawa anasema daktari pia kanunuliwa. Halafu mchana mmoja akamaliza omena zote, akaomba nyingine.

Rael alizileta, akasimama mlangoni.

"Nimekukosea, mwanangu," mzee alisema.

"Nimesikia, tata. Na ugonjwa ukirudi?"

Machuki aliweka sahani kando. "Ukirudi, msinisikilize. Mwiteni dada."

Rael aliitikia kwa kichwa, lakini hakutabasamu.