Damu ya Kabla ya Daku

"Mara ya mwisho umekula saa ngapi?" Verdiana, mpimaji wa maabara, aliuliza akiwa ameshamfunga Mtoro mpira mkononi.

"Daku tu, dada. Tangu hapo sijatia kitu mdomoni."

Verdiana akaufungua mpira.

Tangu atolewe mfuko wa nyongo, tumbo halikumpa Mtoro nafasi ya kupumua. Analinda lango la shamba la miwa huko Makurunge, na msimamizi wake alishachoka kulikuta lango halina mtu. Alimpa mpaka leo alete karatasi ya hospitali, la sivyo kazi hana.

Daktari Herman alikuwa amemweleza vizuri: huenda ini linatengeneza asidi za nyongo kupita kiasi, nazo zikishuka tumboni zinamwendesha. Kuna kitu katika damu kinachoonyesha ini linatengeneza kiasi gani, ila damu itolewe asubuhi, mtu hajala tangu usiku. Kisha daktari, mtu wa bara asiyejua Ramadhani ila kwa kuisikia, akaongeza kwa furaha, "Basi njoo mwezi huu, si mmefunga tayari?" Mtoro akaitikia. Daktari hakujua habari za daku, na Mtoro hajawahi kufunga bila daku. Wakaagana kila mtu ameridhika.

"Kwa hiyo leo ndiyo basi?"

"Damu hii itatudanganya, kaka. Gari la kupeleka damu Dar ni mpaka wiki ijayo. Siku hiyo usile daku."

"Andika sikula."

"Na swaumu yako, kwa uongo huo?"

Mtoro akashusha mkono wa shati. Aliona aibu, lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi.

Langoni alimkuta msimamizi, Bwana Pantaleo, anamsubiri.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Karatasi?"

"Wiki ijayo. Damu haikutolewa."

"Nilisema leo. Malizia zamu, kesho usije."

Kibarua kikaota nyasi hivyo hivyo, wamesimama.

Haukupita muda tumbo likaanza. Walinzi wana vichaka. Choo ni cha maofisa. Mtoro akavipita vichaka, akaingia ofisini bila kubisha hodi, akajifungia chooni kwa komeo. Mlikuwa na maji, na sabuni pia.

Mlango ukagongwa.

"Nani humo?" Ilikuwa sauti ya Pantaleo.

"Kuna mtu," Mtoro akajibu, na hakujiharakisha.