Kioo cha Ndege ya Yves

Katsuva husafisha taa za magari kando ya boulevard ya Bunia, na msinibishie, hakuna anayemshinda. Taa iwe ya manjano, iwe imejaa ukungu, ataipiga msasa na maji, ataifuata kwa dawa ya meno, mwishowe atapitisha kitambaa chenye diluant, ile ya kuyeyusha rangi, na plastiki itang'aa upya. Kwa hiyo mama yake, Mama Adeline, alipomletea ile ndege ndogo Ijumaa mchana, alimkabidhi bila wasiwasi wowote.

Ndege ilikuwa ya plastiki, ndefu kama mkono hadi kiwiko. Kaka yake Katsuva, Yves, ndiye aliyeiunga kipande kwa kipande, enzi zile alipokuwa akipakia mizigo kiwanja cha ndege na rubani mmoja akamwachia boksi la vipande vyake. Kwenye kiti cha mbele Yves alibandika foto yake ya pasipoti, kichwa tu, akaifunika kwa kioo cha plastiki. Eti na yeye sasa ni piloti!

Mwaka jana Yves alizama ziwani, kule Tchomia, na ziwa halikumrudisha. Simu yake ilienda naye, karata ya uchaguzi, yenye foto yake, ilienda naye, na foto za nyumbani zilikuwa zimeshaungua pamoja na nyumba yao ya Irumu. Kaburi hakuna. Sura yake ilibaki mle ndani ya ndege tu. Na Jumamosi, kesho yake, ilikuwa siku ya kutosha matanga, yaani kuyamaliza: watu wangekaa mbele ya meza, na mezani lazima iwepo foto. Bila foto, unamlilia nani?

Sasa, kile kioo kilikuwa cheupe kama uji. Aliyekiharibu ni Mama Adeline mwenyewe, maskini. Mwaka mzima, kila Jumamosi, alikisugua kwa majivu vile anavyosugua sufuria, ili mtoto wake asikae kwenye vumbi. Kadiri alivyosugua ndivyo Yves alivyozidi kupotea, naye akazidi kusugua. Kukibandua haikuwezekana, maana gundi ilikuwa imeshika kioo pamoja na kingo za foto.

Fiston, mpiga picha, alikuja na kamera yake akakaa kwenye tairi kusubiri. Kioo kikishatakata, angepiga ile sura, aikuze, aitie kwenye fremu.

Katsuva alisugua kwa kidole kimoja, polepole, ulimi nje. Saa nzima ikapita. Likatokea sikio, halafu kidevu, halafu mdomo.

"Yesu wangu, ni yeye!" Mama Adeline alipiga makofi. "Ona mutoto wangu!"

Fiston akasimama. "Inatosha, Katsuva. Nitapiga hivi hivi."

"Bado macho," mama akakataa. "Mutoto wangu hawezi kukaa mbele ya batu bila macho. Maliza, papa." Ndivyo alivyozoea kumwita mwanawe.

Na Katsuva akamaliza. Loo, heri angepatwa na ganzi! Mkono wake ulifanya kile unachofanya kila siku: ukachukua kitambaa, ukakichovya kwenye diluant, ukapitisha. Plastiki ya taa huvumilia. Hii ya ndege haikuvumilia. Iligeuka nyeupe papo hapo, ikalainika, ikajikunja, ikaangukia foto na kuing'ang'ania. Alipojaribu kuiinua kwa ncha ya wembe, wino wote ulikuja nayo, na kwenye kiti kikabaki kikaratasi kitupu.

"Iko wapi?" Mama Adeline aliigeuza ndege, akaichungulia kwa chini, akaigeuza tena. "Katsuva, iko wapi?"

"Nisamehe, mama."

Mama alikuwa ameona kila kitu, aliuliza tu. Katsuva alibaki na mikono miwili inayonuka diluant na hakujua aiweke wapi.

Fiston alishaanza kufunga begi lake. Mama akamshika mkono.

"Usiende. Piga huyu."

"Nani, mama?"

"Huyu Katsuva. Tumbo ni moja, pua ni moja. Batu watalia tu, hawataangalia sana."

"Mama, hapana!" Katsuva aliruka. "Miye niko muzima! Foto ya mutu muzima haiwekwe ku meza ya matanga, ni kumuitia kifo. Weye mwenyewe ulitufundisha."

"Najua, papa. Najua." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Lakini nitalia mbele ya meza tupu? Mwaka muzima nangojea kumulilia mutoto wangu."

Katsuva aliogopa, lakini aibu ilizidi hofu. Alinawa mikono kwenye ndoo, akavaa shati jeupe aliloazimwa na Fiston, akakaa kwenye tairi. Fiston akamwinua kidevu kwa vidole viwili, akarudi nyuma hatua tatu.

"Usicheke," akamwambia. "Foto ya matanga ni ya heshima."

"Yves alikuwa anacheka," mama akasema. "Cheka kidogo, papa."

Katsuva akacheka, na Fiston akapiga.