Jibu Lililoishia Koridoni

Kipindi cha vitabu kilikuwa na amri moja tu, na Kaka Dakika, mtayarishaji, alikuwa ameiandika kwa kalamu nene juu ya mlango wa studio: KITABU HAKIZUNGUMZWI HAPA NJE. Mgeni akifika mnaongelea jua, viatu, foleni, chochote. Kitabu kinasubiri taa nyekundu iwake.

"Jibu ni kama soda," alikuwa akisema. "Utamu uko pale unapoifungua. Mara ya pili unakunywa maji ya sukari."

Chiriku aliijua amri hiyo kama jina lake. Tena siku hiyo ndiyo alikuwa anakalia kiti cha mtangazaji kwa mara ya kwanza, maana mwenye kiti alikuwa amejifungua. Akifanya vizuri, kipindi ni chake mpaka mwenzie arudi. Akiboronga, saa hiyo ya kipindi wanapewa watu wa mpira, ambao walishaanza kuimezea mate.

Shida ni kwamba kitabu kilikuwa kimemwingia kichwani kikagoma kutoka. Mashairi ya daktari mmoja wa meno, yanaitwa Dari Yangu, na yote anaambiwa mtu mmoja: wewe umechelewa leo, wewe una viatu vipya, wewe mbona hulali. Wewe nani sasa? Wiki nzima Chiriku na shangazi yake walibishana jikoni wakiosha vyombo. Shangazi alisema ni mume wa mtu, hapo hamna mjadala, "mwanamke hafuatilii viatu vya mtu hivihivi." Chiriku alishikilia kwamba ni marehemu.

Daktari akafika mapema, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, akaketi koridoni. Chiriku akamletea maji. Akasema jua ni kali. Daktari akasema kweli. Akausifia mkoba. Daktari akashukuru. Halafu mdomo ukamponyoka.

"Daktari, samahani, huyo wewe ni nani?"

Daktari akacheka, akaweka glasi chini, akamweleza yote. Nyumba ya kupanga aliyokaa enzi za chuo. Mpangaji wa chumba cha juu, ambaye hakuwahi kumwona sura, ila miguu yake aliisikia kila siku darini. Alijua kwa hatua tu akiwa na hasira, akiwa na mgeni, akiwa anaumwa. Alisimulia vizuri mpaka Chiriku akabaki na trei mkononi, mwili unamsisimka.

Alipogeuka, Kaka Dakika alikuwa mlangoni, kidole kimeelekea yale maandishi. Akaenda kukaa kwenye mitambo.

Taa ikawaka. Chiriku akakaribisha wasikilizaji, akauliza lile swali.

"Ni mpangaji wa juu," daktari akasema. "Kama nilivyokwambia."

Basi, kimya. Nyuma ya kioo Kaka Dakika akajishika kichwa. Chiriku akauliza alivutiwa na nini. "Nilimzoea tu." Akauliza habari za viatu. "Nilisikia vimebadilika."

Chiriku akaona bora asimulie mwenyewe.

"Wasikilizaji, daktari alikuwa na jirani juu yake, bwana mmoja mnene, anaburuta ndala—"

"Hakuwa mnene," daktari akadakia.

"Si uliniambia mnene?"

"Nilikwambia ana hatua nzito. Mtu anaweza kuwa mwembamba kama ufagio na akakanyaga hivyo. Na huyo bwana umemtoa wapi? Mimi mpaka leo sijui kama alikuwa bwana au bibi."

Hapo Chiriku hakufanya ujanja, alikosea kweli, kwa woga. Lakini akamwona daktari amesogea mbele, ameishika meza kwa mikono miwili, kama anayemwona mwenzie anang'oa jino zima anaacha bovu. Akaendelea kukosea, safari hii kwa makusudi.

"Haya. Siku moja mkakutana ngazini, mkasalimiana."

"Nani kasema? Hatukukutana kabisa."

"Hata mlango hukumgongea?"

Daktari akanyamaza. Kimya hiki kilikuwa kingine, hata Kaka Dakika aliacha kugusa vitufe.

"Mara moja," akasema. "Hili sijamwambia mtu, hata mume wangu. Nilipanda, nikagonga. Nikaisikia miguu inakuja, ileile, ikasimama upande wa pili wa mlango. Nikawaza, nikiiona sura yake nitaandika nini tena? Nikashuka mbio."

"Na yeye?"

"Kuanzia kesho yake akawa anatembea kwa kunyata. Alidhani nilikwenda kulalamikia kelele."

Chiriku akasahau kama yuko redioni. "Jamani. Kwa hiyo ulimnyamazisha mwenyewe."

"Mimi mwenyewe. Yale mashairi mafupi ya mwisho yametoka hapo. Nilikuwa natega sikio, napata vipande vipande."

"Na kama anakusikiliza sasa hivi?"

Daktari akaiangalia maikrofoni kana kwamba kuna mtu ndani yake. "Namwambia avae viatu, atembee."

Nyuma ya kioo Kaka Dakika alikuwa anajikata shingo kwa kiganja kumwashiria amalize, taarifa ya habari inasubiri. Chiriku akamgeuzia bega, akauliza swali jingine, na jingine tena.

Habari zilichelewa. Daktari alipoondoka, Kaka Dakika akaja na kitabu kinene kwapani.

"Wiki ijayo ni mwandishi wa riwaya," akasema. "Atapitia mlango wa nyuma, na wewe utakuwa humu ndani, nimekufungia kwa ufunguo."

"Nifungie tu, kaka," Chiriku akasema, mkono ameshaunyoosha. "Ila kitabu nipe leo."