Moyo Ulioondoka na Mzega

Usingizi ule ulinikuta nimeshachelewa. Ndoto ilipoanza tu, moyo wangu ulikuwa umekwisha ondoka.

Nauona mbele yangu. Unavuka reli pale Manyoni, saa nne asubuhi, jua kali, watu wanaupisha. Umebeba mzega. Moyo hauna mabega, hilo najua, lakini huu ulikuwa nayo, tena mapana. Mti umelala begani, gunia moja limening'inia mbele na jingine nyuma, na mwendo ni ule wa wapagazi wa Kinyamwezi wa zamani: goti limekunjwa kidogo, macho chini, hausemi na mtu.

Mimi nimesimama nyuma na tundu kifuani. Tundu la ukubwa wa sahani ya kikombe. Halitoi damu. Upepo unapita tu, unapiga mluzi.

Halafu nikasikia mlio ninaoujua. Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani, wa kuzunguka. Miaka arobaini nimetoka mji huu nikaenda ule na kisanduku changu cha vyuma, siwezi kukosea mlio wa cherehani. Ilikuwa imeng'ang'ania mbavuni mwangu, sindano inapanda na kushuka kwenye ngozi. Inashona tundu langu, kuanzia chini kwenda juu. Mshono mzuri, siwezi kuukosoa.

"Unafanya nini?" nikaiuliza.

"Nafunga. Nyumba haina mtu."

"Nikimrudisha mwenyewe?"

"Mrudishe kabla sijafika juu," cherehani ikasema. "Nikifika juu nakata uzi. Nikishakata uzi, mzee, usinijie na maneno."

Nikakimbia.

Hapo ndipo nilipokosea. Kila nikikimbia, barabara inajikunja nyuma yangu kama mkeka, na moyo unazidi kuwa mdogo kule mbele. Mfukoni mwa shati kitu kikakohoa. Nikatoa. Ni karatasi ya masharti aliyonipa Sista Evodia, muuguzi, siku niliyotoka hospitali. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu nianguke mnadani, kifua kimebanwa kama ng'ombe amenilalia. Karatasi ile niliikunja mara nne, sikumaliza kuisoma.

"Sharti la nne, baba," karatasi ikasema, kwa sauti ya Sista yule yule. "Kutembea, siyo kukimbia. Nusu saa kila siku, kwa mwendo unaokuwezesha kuongea."

"Niongee na nani? Mimi sina mtu."

"Hilo ni sharti la saba. Tutalifikia."

Basi natembea. Miguu haiendi. Karatasi inaniambia: ongea. Nikaongelea mvua, kwamba imechelewa. Mguu mmoja ukasogea kidogo. Nikaongelea cherehani za siku hizi, vyuma vyake vyepesi kama bati la sanduku. Mguu wa pili ukasogea, ukagoma. Sindano imeshafika ubavu wa pili.

"Sema neno lenye uzito," karatasi ikasema.

"Mihayo," nikasema.

Barabara ikaruka. Nikajikuta nakaribia Itigi.

Mihayo ni mdogo wangu, tumbo moja. Mama yetu alipofariki nilikuwa Mpanda kikazi. Nyumbani kwetu mtoto mkubwa ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini, wengine wanasubiri. Mihayo hakusubiri. Nilipofika Sikonge nilikuta kaburi limeshasakafiwa na watu wanakunja majamvi. Nikachukua kisanduku changu, nikaondoka bila kunywa maji. Tangu siku hiyo miaka kumi na moja, akipiga simu sipokei, akituma salamu sirudishi. Hayo nikayasema njiani peke yangu, kwa sauti, na barabara ikawa inakuja yenyewe chini ya miguu.

Itigi kuna kizuizi. Ni sigara moja ndefu kama nguzo ya umeme, imelazwa barabarani, upande mmoja unawaka. Askari wake ni pakiti ya sigara iliyovaa kofia.

"Shikamoo mzee," askari akasema.

"Marahaba. Nifungulie, nina haraka."

"Haraka ya nini, na mwenzako niko hapa? Nani alikaa nawe Mpanda siku ulipopata habari ya mama?"

"Wewe."

"Nani alikuwa mfukoni mwako ulipoanguka mnadani?"

"Wewe."

"Basi kaa. Moja tu. Tuagane kiungwana."

Akanipa kiti. Ninamjua huyu miaka hamsini, na sauti yake ni tamu kuliko ya mtu. Nikakikalia kile kiti. Mshono unapanda, nausikia unapita ubavu wa tatu, wa nne. Mkono wangu umeshanyooka kupokea.

Hapo nikakumbuka jambo.

"Ulikuwa mfukoni nilipoanguka," nikamwambia. "Lakini hukuita mtu."

Askari akatazama chini. Akavua kofia, akaigeuzageuza. Kizuizi kikapanda.

Ng'ambo ya kizuizi ardhi yote ilikuwa chumvi, nyeupe mpaka upeo, na kila nikikanyaga, miguu inavimba. Sikuuliza. Karatasi ikasema, "Sharti la pili," nikasema, "Nimeelewa," tukapita.

Mara tuko Sikonge, uani kwetu. Kuna turubai. Kuna masufuria makubwa na kina mama wanachambua mchele. Kuna kaburi wazi kando ya kaburi la mama.

"Msiba wa nani?" nikamuuliza mama mmoja.

"Wako," akasema, akaendelea kuchambua.

Katikati ya jamvi, moyo wangu umesimama. Jasho linautoka. Mzega bado uko begani, na hauwezi kuutua, maana mzega ukiinua upande mmoja, wa pili unamvuta mbebaji chini. Unatuliwa na watu wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja na mwisho wake. Wazee wote kwetu wanalijua hilo. Wanaume walikuwa wamejaribu mmoja mmoja, na kila mara moyo ulipepesuka, na mimi nikakosa pumzi.

Na mbele ya moyo, akitembea huku na huku na koti langu mwilini, alikuwepo Otmar Mbano.

Otmar ni jirani yangu Manyoni, tumepanga chumba kwa chumba. Ni Mngoni na mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Mtani kwenye msiba hana adabu, na hatakiwi kuwa nayo. Anamwigiza marehemu, anawacheka wafiwa, na akitaka anauzuia mwili usizikwe mpaka apewe anachotaka.

"Tazameni, mimi ndiye Msabila!" Otmar anapiga kelele, anakohoa kikohozi changu hasa. "Nafunga begi! Naenda Mpanda! Naenda Kaliua! Nikisalimiwa sijibu, nikiumwa sisemi! Mnyamwezi ni Mnyamwezi, akikosa mzigo anaokota jiwe abebe, asije akasahau njia!"

Watu wamelala kwa kicheko. Msibani kwangu.

"Nipe moyo wangu, we Mngoni," nikasema. "Nyie mlitoka kusini huko na ngao, mkachoka njiani, mkasema basi, hapa hapa. Mtajua nini habari ya mizigo?"

"Ala! Maiti anajibu!" Otmar akafurahi kabisa. "Haya maiti, mwili nimeuzuia. Hauzikwi wala haufufuki. Nataka niambiwe vilivyomo kwenye magunia."

"La mbele ni Mihayo."

"Hilo tunalijua, linanuka hadi Songea. La nyuma?"

Sindano imefika kwenye mfupa wa kati. Nikishusha macho naona mshono wenyewe, mweusi, na tundu limebaki la kupitisha yai.

"La nyuma, Msabila?"

"Malaria," nikasema. Ndivyo nilivyowaambia watu wote Manyoni: nilianguka kwa malaria.

Moyo ukapiga goti. Kina mama wakaacha mchele.

"Siyo malaria," nikasema. "Ni moyo. Nilipatwa na shambulio la moyo mnadani, nikawadanganya. Naogopa. Usiku sizimi taa. Naweka vidole hapa shingoni nahesabu mapigo mpaka kunakucha, nikidhani nikiacha kuhesabu yatasimama."

Hakuna aliyecheka. Otmar alivua koti langu, akalikunja vizuri, akaliweka chini. Miaka sita nimeishi naye, sijamwona bila mzaha usoni mpaka pale.

"Mjinga wewe," akasema polepole. "Ukuta wetu ni wa tofali moja. Ungegonga tu."

"Sharti la saba, baba," karatasi ikasema.

Akaenda akashika gunia la nyuma. "Huku nimeshika mimi. Mbele anashika nani?"

Watu wakapeana njia. Mihayo akaja. Amezeeka, sikujua kwamba amezeeka. Mkono wa kulia ameukunja ngumi na ameukumbatia kwa wa kushoto, kama mtu aliyeumia.

"Shikamoo kaka."

Neno la kujibu ni moja, na mtoto wa miaka miwili analijua. Mimi nikabaki natazama ile ngumi. Cherehani inashona. Tundu sasa la kupitisha punje ya karanga.

"Joto lilikuwa kali, kaka," Mihayo akasema. "Tulikaa naye siku mbili. Simu yako haikupatikana. Wazee wakasema mama anaharibika, tuzike. Lakini fungu lako sikulitupa." Akaonyesha ile ngumi. "Miaka kumi na moja nimelishika. Nalala nalo, nakula kwa mkono wa kushoto watu wananicheka. Lipokee, mkono umechoka."

"Marahaba, Mihayo," nikasema.

Vidole vyake vikafunguka kimoja kimoja, vinalia kama bawaba. Udongo ulikuwa bado na unyevu. Nikaupokea, nikautupa juu ya kaburi la mama. Ulipita kwenye saruji kana kwamba hakuna saruji, nikausikia ukitua chini.

"Haya!" Otmar akaita. "Kwa pamoja! Mngoni anahesabu, maana Mnyamwezi atahesabu mpaka asubuhi. Moja, mbili!"

Wakainua. Mzega ukatoka begani. Moyo ukakaa kitako kwenye jamvi, ukapumua, ukanitazama kwa hasira.

"Umekawia," ukasema.

"Rudi, tafadhali."

"Nitarudi. Ila upande mmoja nimekufa kidogo, uelewe. Usinitume kama kijana. Na hayo magunia usinirudishie kwa mlango wa nyuma."

"Nimekubali."

"Imebaki mishono mitatu," cherehani ikasema. "Hapiti hapa huyu."

"Basi fumua," nikaiambia.

"Kufumua kazi yangu mwenyewe?"

"Mimi ndiye fundi, nimekwambia fumua!"

Ikanung'unika, ikafumua minane. Moyo ukajipenyeza, ukanikanyaga ubavu, ukageuka mara mbili kama kuku anayetafuta pa kulalia. Ukatulia. Kaburi lile la pili likaanza kujifukia lenyewe, na kina mama wakauliza kama wali uendelee kupikwa. Otmar akasema uendelee.

Nikaamka.

Kumekucha. Nimelala chali chumbani kwangu Manyoni, vidole haviko shingoni. Nikavuta simu. Namba ya Mihayo niliifuta zamani, lakini kuna namba hazifutiki kichwani. Nikapiga. Ikaita mara moja tu.

"Kaka?" akasema. "Ni wewe? Shikamoo."

"Marahaba, Mihayo. Mmeamkaje huko?"

"Salama. Subiri kidogo, usikate kaka, tafadhali usikate." Nikasikia maji yanamwagwa, mtu anasugua.

"Unafanya nini?"

"Nanawa. Nimeamka mkono wa kulia umejaa udongo mpaka kwenye kucha, shemeji yako anagomba mashuka yamechafuka. Na jana kutwa sikushika jembe. Sijui nimefanya nini usingizini."

Nilimwambia habari ya moyo.

Hayo niliyaandika siku ile ile. Haya yafuatayo naongeza sasa, miezi minne imepita.

Mihayo alikuja Manyoni siku ya tatu, akakaa wiki mbili, akarudi kulima. Habari ya mazishi ya mama bado tunabishana, kwenye simu, kila Jumapili.

Otmar nilimwambia ukweli asubuhi ile ile. Alinitukana kwa nusu saa, akanisindikiza kliniki. Sista Evodia akampima na yeye kwa sababu alikuwa anaongea sana, akamkuta na presha kubwa kuliko yangu. Sasa tunachemsha mboga za chumvi kidogo katika sufuria moja. Anasema ugonjwa huu ameambukizwa na Wanyamwezi.

Sigara nilizirudia mara mbili mwezi ule wa kwanza. Tangu hapo sijavuta.

Mpanda sikwenda tena. Cherehani za huko zinatengenezwa na mtu mwingine.

Ile sehemu ya moyo iliyokufa haikufufuka. Daktari alinieleza hivyo tangu mwanzo. Iliyobaki inafanya kazi. Usiku nazima taa, nalala.