Bi Kucha Alivyohamia Nyumbani

Kila saa kumi alasiri cherehani ya fundi ilinyamaza. Mtaa mzima ulijua: usimpelekee suruali ya kupunguza muda huo, Bi Kucha yuko kwenye tivii.

Huyo Bi Kucha alikuwa mwanamke mbaya wa tamthilia, mbaya kweli, roho imeota kutu. Mumewe mgonjwa anakaa kitini hajiwezi, yeye anaweka glasi ya maji mbali kidogo na mkono wake. Kisha anakunja nne, anaigonga glasi kwa ukucha. "Omba vizuri." Mume anaomba. "Vizuri zaidi." Na fundi, mama mtu mzima, anapiga makofi! Wale wema hata sura zao hakuzishika. Mbaya ndiye aliyempenda.

Binti yake wa miaka kumi na mitatu alimpenda kumzidi. Alimwiga mwendo, sauti, hata lile jicho la kumpima mtu kuanzia miguuni. Mgeni akija, fundi anaita: "Njoo mwanangu, mfanyie shangazi Bi Kucha!" Na mgonjwa wa kuigiza hakutafutwa mbali. Alikuwepo bibi, mama mzazi wa fundi, aliyepooza upande wa kushoto, hatembei bila kushikwa mkono. Bibi naye kwa mzaha hajambo. Ananyoosha mkono wake mzima, anautetemesha makusudi: "Naomba maji bi mkubwa, nakufa mie!" Watu wanavunjika mbavu. Mjukuu anampa maji, mchezo umekwisha.

Halafu mchezo ukawa hauishi. Wageni wameondoka, binti bado kakunja nne. Siku moja fundi alikuta midomo ya mama yake imekauka, imepasuka.

"Mama, leo hujanywa maji?"

Bibi akamtupia jicho mjukuu. "Sina kiu."

Fundi akarudi kwenye cherehani. Wazazi wenzangu, hapo ndipo pa kusimama na kuuliza. Yeye hakusimama.

Shule zilikuwa zimefungwa, na sare za kushona zilimsubiri, zimerundikana hadi darini. Ijumaa mchana alikuwa chumba cha mbele, pini mdomoni, anampima mteja kiuno. Sauti zikaja kutoka ndani.

"Omba vizuri."

"Mjukuu wangu, maji. Kidonge kimekwama, kinaniunguza koo."

"Vizuri zaidi."

"Jamani! Mwanangu! Mwanangu, njoo!"

Mteja akageuka. "Kuna nini huko?"

"Aa, hao wawili!" Fundi alicheka hadi akatema pini. "Bi Kucha na mgonjwa wake. Mama yangu msanii huyo, usimwone hivi."

Mteja naye akacheka. Bibi akaita tena, wakacheka tena. Kisha kikasikika kishindo, kama gunia limedondoka.

Fundi alimkuta mama yake sakafuni, mguu umegeukia upande usio wake. Glasi ilikuwa juu ya kabati, imejaa, haijaguswa. Binti alikuwa kitini, hata hakushtuka.

"Wewe mtoto, umefanya nini?"

"Si angeomba vizuri tu."

Hospitali wakasema nyonga imevunjika, na kwa umri ule kutembea tena asahau. Fundi alimsukuma binti mpaka kitandani. "Mwombe bibi yako msamaha. Sasa hivi!"

Binti akapiga magoti, akalia. Alilia vizuri mno: chozi moja kila shavu, sauti ikakatika pale panapofaa kukatika. Muuguzi aliyekuwa na kikombe cha maji akaguswa. "Maskini, mtoto ana huruma huyu." Fundi alimkodolea macho mwanawe, akimtafuta humo ndani, asimwone.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "kwa nini hukuniita kwa nguvu?"

"Nilikuita mara mbili," bibi akasema. "Nikakusikia unamwambia mtu mimi msanii. Ndiyo nikainuka mwenyewe."

Fundi akanyoosha mkono, akakichukua kikombe kwa muuguzi, akakipeleka mdomoni mwa mama yake. Bibi akafumba midomo, akageuza uso ukutani.

"Muuguzi ndiye aninyweshe," akasema. "Nyie nendeni. Wote wawili."