Bonde Lililopewa Kumi

Acen alikuwa amebakiza mtu mmoja tu wa kumhoji, na kwa uvivu wa Jumamosi akaamua mtu huyo awe baba yake. Ofisi yao ya mipango ya ardhi, mtaani Kansanga, ilikuwa na utaratibu wake: kila picha ya mandhari ya vijijini ipewe alama na watu ishirini wa kawaida, sifuri hadi kumi, kwa uzuri, kwa ukimya na kwa upori. Alama zikishajumlishwa, Rukiah, mkuu wa kazi hiyo, huchora ramani: hapa palimwe, hapa pajengwe, hapa paachiwe watalii. Ramani ya Kaskazini ilitakiwa Jumatatu. Vita vilikuwa vimenyamaza miaka miwili tu, na tayari kuna tajiri aliyekuwa akitafuta mahali pasipo na mtu, ajenge hoteli na kuzungusha ua.

Mzee Odur, sajenti mstaafu, alikuwa amekaa barazani kwake Makindye, ameshiba, miwani puani. Picha za kwanza alizipa alama bila kinyongo. Nane hii, saba ile, tano kwa mto mmoja kwa sababu maji yake yalikuwa na tope. Acen akacheka, kwani watu kumi na tisa waliotangulia hawakuliona tope hilo.

Kisha akampa picha ya kumi na nne. Aliipiga mwenyewe, kwenye bonde chini ya kilima chenye kilele kilichopasuka, na siku ile alikaa pale saa nzima akijihisi amefika kwa wazee wake ambao hakuwahi kuwajua. Yeye alizaliwa na kukulia kwenye nyumba za askari; kijiji alikisikia tu kwenye mazungumzo ya wakubwa. Kila aliyehojiwa aliipa picha hiyo kumi. Upori kumi, ukimya kumi.

Mzee Odur aliishika muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Sifuri," akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini.

"Baba, usinitanie."

"Mimi hapana tania. Andika sifuri. Hii mahali si pori. Hii iko nyumbani ya watu."

"Nimefika pale kwa miguu yangu, Baba. Hakuna hata ukuta."

Mzee akaweka kidole juu ya nyasi. "Hii kijani, unaona? Iko duara. Na hii. Na hii. Mahali watu nalala na mbuzi miaka mingi, nyasi nakuja mzito." Akaondoa kidole. "Nyumba saba."

Acen akainama. Alipoonyeshwa, aliona, na uso ukamwaka kwa aibu. Alikuwa amesimama ndani ya duara mojawapo ili apate picha nzuri. Shahada mbili za kusoma sura ya nchi, na alishindwa kusoma nyasi za kwao.

"Lakini hapa yanaonekana maduara manne tu, Baba. Hizo saba umezijuaje?"

Mzee akaigeuza picha kifudifudi. Watoto wake wote walijua kwamba wakati wa vita alikuwa mtunza stoo, mtu wa kugawa mablanketi na maharage. Ndivyo alivyowasimulia, na ndivyo walivyowatambia wenzao shuleni.

"Mimi nahesabu wakati nachoma," akasema. "Amri natoka juu: watu yote nakwenda kambi, nyumba hapana baki. Mama moja nakataa kutoka. Abwola, jina yake. Yeye nataja jina mara tatu, ndio mimi hapana sahau. Sisi navuta yeye kwa mkono."

Acen akamtazama. Huyu ndiye aliyekuwa akimpeleka shule kwa baiskeli kila asubuhi. Alimchukia kwa muda mfupi, kisha akashindwa kuendelea kumchukia, na hilo likamuuma zaidi.

Lakini fomu ilikuwa mapajani mwake, nayo haikumhurumia mtu. Sifuri moja kati ya alama zote zile za kumi ingemezwa. Kitu kimoja tu kingeweza kulitoa bonde lile kwenye mikono ya tajiri wa hoteli: ukurasa wa nyuma, wa shahidi. Jina kamili, saini, na swali moja: unapafahamuje mahali hapa? Ukurasa huo ungesomwa mbele ya kikao kizima, na nakala ingepelekwa kule kule, kwa watu waliokuwa bado wanajikokota kutoka kambini kurudi kwao. Bila ukurasa huo, kina Abwola wangerudi wakute geti.

"Si lazima, Baba," akasema, akijua anasema uongo.

"Lete kalamu."

Aliandika polepole, kwa herufi kubwa. Hakuandika habari za stoo. Aliandika namba yake ya jeshi, mwaka, nyumba saba, jina la Abwola, na kwamba yeye ndiye aliyewasha moto. Kisha akaingia ndani akajilaza mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

Jumatatu, kikaoni, Rukiah aliusoma ukurasa ule kwa sauti, akaurudia kimya kimya. Akalifuta bonde kwenye ramani ya watalii, akaandika kwa wino: makazi, wenyewe hawajarudi. Halafu akamgeukia Acen, uso umekunjamana.

"Huyu mchomaji umemtoa wapi?"

Watu wanane walikuwa mezani. Acen angeweza kusema ni mzee fulani tu wa Makindye, na hakuna ambaye angefuatilia.

"Ni baba yangu," akasema.